Robo Saa ya Edma

Picha ninayotaka kuisimulia ni ndogo. Ina kimo cha sentimita 46 na upana wa karibu sentimita 72, na wageni wengi wanaoingia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Cleveland, jimboni Ohio nchini Marekani, huipita bila kusimama kwa kuwa macho yao yamekwishachukuliwa na turubai kubwa zaidi. Ilichorwa mwaka 1873 na Berthe Morisot, mwanamke wa Kifaransa. Inaitwa Kusoma, ingawa wapo waijuao kwa jina la Mwavuli wa Kijani. Ndani yake mwanamke aliyevaa gauni jeupe na kofia ameketi juu ya majani, ameinamia kitabu. Nyuma yake mwavuli wa kijani umeachwa wazi chini, na kando yake upepeo umewekwa majanini. Hakuna tukio lolote. Hakuna anayemtazama mwanamke huyo ila sisi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Cleveland. Nilianza kwenda katika jumba hilo kwa sababu isiyo na utukufu wowote, nayo ni kwamba kuingia ni bure. Lilifunguliwa mwaka 1916, na mpaka leo hakuna anayedaiwa kiingilio kwa kuona mkusanyo wake wa kudumu. Siku za Jumatano na Ijumaa milango hubaki wazi mpaka saa tatu usiku, jambo linalomfaa sana mtu wa zamu, na basi la barabara ya Euclid humshusha mtu kwa mwendo mfupi tu kutoka hapo. Katika miezi ya baridi, mtu aliyekulia pwani hathamini kitu kama ukumbi uliopashwa joto ambao hakuna anayemwuliza ananunua nini. Kwenye ngazi za mbele limeketi sanamu la mchongaji Mfaransa Rodin la mtu anayefikiri, ambalo mwaka 1970 lilitegewa bomu likaharibika miguu, na wakubwa wa jumba wakaamua lirudishwe mahali pake vilevile lilivyovunjika. Uamuzi huo ulinifanya niwaamini kidogo.

Kazi ya kuhudumia wazee humfundisha mtu kutazama kabla haijamfundisha kushika. Mzee ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno huzungumza kwa mabega, kwa vidole, kwa namna anavyokamata ukingo wa shuka, na sisi wenye kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili lazima tujue kutofautisha mtu aliyepumzika na mtu aliyetulia tu. Hayo ni mambo mawili. Aliyepumzika kweli hulegea shingo, vidole vyake hufunguka, pumzi yake hushuka mpaka tumboni. Aliyetulia kwa kutotaka kutusumbua, au kwa kuwa binti yake amekuja kumwona na hataki amwache na majonzi, hubaki ameshikilia kitu fulani mwilini, mara nyingi taya au kiganja. Mazoea hayo hayavuliwi pamoja na sare. Nilipokuwa nikiitazama picha ya Morisot, nilijikuta nikimkagua yule mwanamke kama ninavyomkagua mtu ninayempokea asubuhi kutoka kwa wenzangu wa zamu ya usiku.

Nilichokiona kilinitatiza. Kichwa chake kimeinama kwa wepesi, macho yamezama kitabuni, na hakuna dalili kwamba anajali kama mwavuli upo au haupo. Lakini ameketi bila egemeo. Hakuna shina la mti nyuma yake, hakuna mto, hakuna ukuta. Kiuno chenyewe ndicho kinachoubeba mwili, na yeyote aliyewahi kukaa chini namna hiyo akiwa amevaa nguo nzito za heshima anajua kwamba baada ya muda mfupi mgongo huanza kudai haki yake. Mtu atafutaye raha tupu angejilaza, au angesogea penye mti. Huyu akili yake imepumzika na mwili wake uko kazini, na kwa siku nyingi sikujua kazi hiyo ni ipi.

Majibu niliyapata kwa kusoma habari za waliohusika. Aliyeketi majanini ni Edma, dada yake Berthe. Wengi humdhania msichana, na picha yenyewe inawaruhusu kudhani hivyo kwa jinsi uso wake ulivyoguswa kwa rangi chache tu, lakini alizaliwa Desemba 1839, na katika kiangazi cha 1873 alikuwa na miaka 33, mke wa afisa wa jeshi la majini na mama wa watoto. Berthe alikuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja na mwezi hivi. Ndugu hawa wawili walilelewa katika familia yenye uwezo, wakafundishwa kuchora kama mabinti wa tabaka lao walivyofundishwa piano, yaani kwa kadiri ya kuwapendeza wageni sebuleni. Mwalimu wao Joseph Guichard alipoona vipaji vyao alimwonya mama yao waziwazi kwamba wasichana hawa hawataishia kwenye mapambo ya sebuleni, watakuwa wachoraji hasa, na kwamba katika jamii kama yao hilo litakuwa mapinduzi, kama si balaa. Mama hakuwazuia. Shule kuu ya sanaa ya taifa mjini Paris haikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1897, hivyo njia iliyobaki ilikuwa walimu wa binafsi na kwenda katika jumba la makumbusho la Louvre kunakili picha za wakongwe, kisha wakaongozwa na mchoraji Camille Corot, aliyewazoesha kufanya kazi nje, penye mwanga halisi. Mwaka 1864 wote wawili walikubaliwa katika maonyesho rasmi ya Salon, na kwa miaka iliyofuata majina yao yalitajwa pamoja.

Mwaka 1869 Edma akaolewa na Adolphe Pontillon, akahamia Lorient, mji wa bandari katika pwani ya Bretagne, naye akaacha kuchora. Sijaona popote palipoandikwa kwamba mume alimkataza. Aliacha kama watu wengi wanavyoacha, kwa mambo ya nyumba mpya kujaa mahali palipokuwa pa brashi. Barua zao za mwaka huo zimehifadhiwa na kuchapishwa, na kuna mahali ambapo Edma anamwambia mdogo wake kwamba mara nyingi kwa mawazo huwa naye katika chumba chao cha kuchorea, na angependa kutoroka, hata kwa robo saa tu, akavute tena hewa ile waliyoishi ndani yake kwa miaka mingi.

Robo saa ni kipimo ninachokijua. Ndiyo mapumziko tunayopewa kazini kabla na baada ya chakula, na yeyote aliyeishi kwa kipimo hicho anafahamu kwamba hakitoshi kulala wala kwenda popote, lakini kinatosha kabisa kwa mtu kukumbuka kwamba ana jina lake mwenyewe. Nilipoisoma barua hiyo niliirudia picha kwa jicho jingine. Mimi naiona picha hiyo kuwa ndiyo ile robo saa. Berthe hakuweza kumrudishia dada yake miaka, ila aliweza kumweka majanini na kitabu, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita, na akaihifadhi nafasi hiyo kwa rangi ya mafuta. Sidai kwamba ndivyo Berthe alivyokusudia. Nasema ndivyo inavyosomeka kwa mtu anayejua walikotoka.

Ninaye mdogo wangu, yuko Tanga. Kabla ya kuolewa alikuwa mchora hina mwenye jina, wa kuitwa mpaka Pangani na Muheza, na katika msimu wa harusi alikuwa akirudi nyumbani alfajiri vidole vimekuwa vyeusi kwa piko. Baada ya kuolewa aliacha polepole, mwaliko mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ambazo kila moja ukiipima peke yake ni ya haki: mtoto mchanga, mama mkwe mgonjwa, safari ya usiku. Tangu Januari 2019 jumba la Cleveland limeziweka wazi picha za maelfu ya vitu vyake ili mtu yeyote azipakue na kuzitumia bila ada wala kibali, na hii ya Morisot ni mojawapo, hivyo nilimtumia katika simu nakala kubwa inayomwezesha mtu kuivuta mpaka aone alama za nywele za brashi. Sikumweleza chochote. Nilitaka kujua mtu aliyeishi kwa mkono wake ataona nini.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nikasikia chungu kikifunikwa. "Shikamoo, dada. Nimemwona bibi wako. Huyu hapumziki, anamfanyia mwenzake kazi. Hebu mwangalie alivyokaa. Mimi bibi harusi nikimwambia usitikisike, hukaa hivihivi, anajifanya yuko kwake, kumbe anasubiri niseme basi."

Nilikuwa nimeitazama picha hiyo muda mrefu kuliko yeye, nimesoma na barua, na bado jambo hilo lililokuwa wazi kabisa lilikuwa limenipita kando. Bila shaka kiuno kilikuwa kazini. Kumkalia mchoraji ni kazi, na Edma aliijua kazi hiyo kutoka pande zote mbili, kwa sababu aliwahi kusimama upande wa pili wa turubai. Alijua mwanga ukihama kila kitu hubadilika, na mkunjo mmoja wa gauni ukisogea mwenzake atalazimika kuanza upya. Mtu asiyejua kuchora angechoka akajigeuza. Mchoraji anayemkalia mchoraji hukaa kwa adabu ya fundi anayemshikia fundi mwenzake ngazi.

Ushahidi wa hilo upo, tena ni wa ajabu kidogo. Kuna picha nyingine, ya miaka ya kati ya 1860, ambayo Edma alimchora Berthe. Ndani yake Berthe amesimama mbele ya turubai, ana brashi mkononi na uso umekaza kwa umakini wa mtu asiyetaka kusemeshwa. Picha za Edma zilizobaki ni chache mno, na hii ndiyo inayojulikana kuliko zote. Ziweke mbili hizo pamoja nawe utaona mabadilishano: mkubwa alimchora mdogo akiwa kazini, na baada ya miaka michache mdogo akamchora mkubwa akiwa ameketi. Kwangu hakuna maelezo ya wataalamu yanayolielezea jambo la Edma kuliko picha hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega.

Mdogo wangu aliongeza neno moja katika ujumbe wa pili: mkono haukumaliziwa. Alikuwa na haki ya kuona hivyo. Ukiisogelea picha, vidole vilivyoshika kitabu ni mipigo michache tu ya brashi, kila mmoja umewekwa mara moja na kuachwa. Hata wakati ule lilisemwa. Picha hii ilionyeshwa Paris kuanzia tarehe 15 Aprili 1874, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar kwenye namba 35 ya boulevard des Capucines, pale ambapo wasanii wapatao 30 waliamua kujifanyia maonyesho yao wenyewe bila kuwasubiri waamuzi wa Salon, na Berthe akiwa mwanamke pekee kati yao. Siku kumi baadaye mwandishi Louis Leroy alichapisha katika gazeti la Le Charivari dhihaka ndefu, ileile iliyowapa wachoraji hao jina la Waimpresionisti kutokana na picha ya macheo ya mmoja wao, Monet, na ndani yake akamgusa Berthe pia: kwamba binti huyu akitaka kuchora mkono hupiga brashi mara nyingi sawasawa na idadi ya vidole, na shughuli ikaisha hapo.

Leroy alidhani anatukana. Kwa hakika alieleza vizuri jinsi kazi inavyofanyika, na mdogo wangu, nilipomsomea dhihaka hiyo kwa simu, hakucheka hata kidogo. Alisema ndivyo inavyotakiwa. Hina iliyokorogwa kwa ndimu na kutiwa katika koni haimpi mchoraji nafasi ya kufikiri ikiwa tayari imegusa ngozi. Mstari huvutwa mara moja, kwa mkono usiotetemeka, na atakayejaribu kuupitia tena ili kuunyoosha ataukuza na kuuharibu, kwa kuwa rangi imekwishaingia. Rangi ya mafuta yenyewe huruhusu kufuta na kurudia, hata kwa miezi, na wachoraji wa Salon walikuwa wakifanya hivyo mpaka turubai ikawa laini kama sahani ya kauri. Berthe alijinyima ruhusa hiyo kwa hiari. Alikuwa nje, mwanga ulikuwa ukitembea, na mwenzake alikuwa amekaa bila egemeo.

Inafaa kueleza kwa nini iliwezekana kabisa kufanya kazi nje namna hiyo. Kabla ya mirija ya bati, iliyobuniwa na Mmarekani John Rand mwaka 1841, rangi ilisagwa na kuchanganywa mafuta chumbani, ikachukuliwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe vilivyopasuka na kukauka haraka. Mrija wenye kifuniko uliiweka rangi mfukoni. Kwa mwanamke wa tabaka la Berthe hilo lilikuwa na uzito wa ziada: hakuweza kukaa na wenzake wa kiume katika mikahawa walikobishana juu ya sanaa, wala hakuweza kusimamisha turubai peke yake katika barabara yoyote aitakayo bila kuvuta kundi la watu, lakini bustani ya jamaa, ukingo wa shamba, na dada aliyeketi majanini vilikuwa ndani ya uwezo wake. Ndiyo maana picha zake nyingi ni za ndugu, watoto na bustani. Wapo wanaoliona hilo kuwa ufinyu. Mimi naona alichukua eneo alilopimiwa na kulilima lote.

Nikaribishe msomaji asogee zaidi kwenye gauni. Ni jeupe, kila mtu atasema hivyo, lakini ukitazama kwa karibu utakuta weupe huo umeokota kijani cha majani na ubuluu wa kivuli, na mipigo ya brashi inakwenda pande nyingi, mingine ikifuata kitambaa, mingine ikiwa na haraka zake. Majani nayo hayakuchorwa jani kwa jani. Ni mikwaruzo ya kijani cha aina nyingi, na chini ya mwavuli kijani kimoja kinakutana na kingine bila mpaka mkali. Vitu viwili vilivyoletwa kutoka nyumbani, mwavuli na upepeo, havifanyi kazi yake. Mwavuli haumkingi mtu jua, na upepeo haupepei. Kwa mwanamke wa mjini wa wakati ule hivyo vilikuwa vitu vya kushikwa mbele za watu, na Edma ameviweka chini vyote viwili ili mikono ishike kitabu. Nikiwa mtu niliyepokea wazee wengi wakitoka safarini, ninajua maana ya mtu kuweka mkoba chini. Ni mwili unaokubali kwamba hautaondoka sasa hivi.

Hata hivyo sitaki kumfanya Edma awe mtu wa kulilia. Nimesoma maelezo ya kisasa yanayomgeuza kuwa mfungwa, nami siyapendi, kwa kuwa yanamnyang'anya hata raha iliyo mbele ya macho yetu. Linganisha na Kitanda cha Mtoto, picha mashuhuri kuliko zote za Berthe, ya mwaka 1872, iliyoko Jumba la Orsay mjini Paris. Humo pia ni Edma, ameegemeza shavu mkononi akimtazama binti yake Blanche aliyelala chini ya chandarua cheupe. Ni picha ya upendo na ya uchovu kwa pamoja; mama yuko pale lakini muda wake si wake. Katika Kusoma hakuna mtoto. Alikuwa nao wawili kufikia mwaka huo, na katika picha nyingine iliyoonyeshwa pamoja na hii mwaka 1874 anaonekana akicheza kibe na bintiye, lakini hapa Berthe hakumweka mtoto hata kwa mbali. Kila mama anajua kwamba watoto hawatoweki wenyewe. Kuna mtu aliyewashika siku ile, na katika nyumba kama zao mtu huyo alikuwa yaya au mtumishi aliyelipwa, ambaye hakuna aliyemchora akisoma.

Hapo ndipo kazi yangu inaponibana nisizungumze kwa wepesi juu ya mapumziko ya wengine. Mapumziko ya mtu mmoja mara nyingi ni zamu ya mwingine. Camille Pissarro, aliyekuwa na Berthe katika maonyesho yale ya kwanza, alichora mwaka 1881 msichana wa kijijini aliyeketi chini ameshika fimbo, na picha hiyo iko Orsay. Pale pia kuna ujana, majani na utulivu, lakini fimbo inasema kwamba kuna mifugo karibu na kwamba msichana bado yuko kazini hata akikaa. Nikilazimishwa kuchagua, mimi ni ndugu wa yule mwenye fimbo. Kitabu cha Edma ninakionea wivu, wala sioni aibu kusema hivyo, kwa kuwa wivu huo ndio ulionifanya nianze kubeba changu kwenda nacho kazini, na kumwambia msimamizi wangu kwa heshima kwamba robo saa yangu sitaitumia kujaza fomu za mwenzangu aliyechelewa. Alikubali. Kumbe ilikuwa ni ya kuombwa tu.

Mdogo wangu na mimi hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anashikilia kwamba Edma anasubiri kuambiwa basi. Mimi nashikilia kwamba alikuwa anasoma kweli, na kwamba mtu anaweza kumfanyia mwenzake kazi na papo hapo akajipatia chake. Tumebishana juu ya ukurasa aliofikia, kama ni wa mwanzo au wa katikati, jambo ambalo haliwezi kujulikana na ambalo limetupotezea vifurushi vingi vya simu.

Edma aliishi mpaka mwaka 1921, akawa mzee kuliko wengi wa waliomchora na kumsifu. Berthe, aliyeendelea, alishiriki maonyesho saba kati ya manane ya Waimpresionisti, akikosa yale ya 1879 tu baada ya kujifungua binti yake Julie. Aliolewa mwishoni mwa mwaka 1874 na Eugène Manet, mdogo wake mchoraji Édouard Manet, na ndoa haikumsimamisha. Alifariki kwa nimonia tarehe 2 Machi 1895, akiwa na miaka 54, ameacha mamia ya picha. Katika hati yake ya kifo, mahali pa kazi, karani aliandika kwamba hakuwa na kazi. Na kaburini, katika makaburi ya Passy, jina lake limefuatwa na maneno ya kumtambulisha kuwa mjane wa Eugène Manet.

Nilimweleza mdogo wangu habari hiyo ya hati nikidhani itamchoma kama ilivyonichoma mimi. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba mwezi huohuo alikuwa amejaza fomu ya mtoto ya kuanza shule, na penye kazi ya mama aliandika mama wa nyumbani, kwa sababu nafasi ilikuwa fupi na mwalimu alikuwa anasubiri kalamu yake. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu sokoni, kama huko Marekani hina ya unga hupatikana, na wanaoichora hulipwa kwa mkono mmoja au kwa yote miwili.